Wamesemaje Dar es Salaam? Jumuiya zetu na kura inayoporwa kwa kalamu

Katikati ya Mei 2015 nilikuwa Kigoma mjini. MV Liemba, meli kongwe iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa ikienda Kagunga na kurudi, kila safari imejaa Warundi hadi pa kuweka mguu hapana. Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka wa Burundi, na wakati ule hakikufikika kwa gari. Katika majuma machache makumi ya maelfu ya watu walijikuta wamekaa juu ya ukanda mwembamba wa mchanga, wanakunywa maji yale yale wanayofulia na kuogea. Kipindupindu kikaingia. Watu wapatao 30 walikufa kabla ugonjwa haujadhibitiwa.

Waliofikishwa mjini walipumzishwa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, wakisubiri mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Hapo ndipo mama mmoja wa makamo aliponisogelea. Kitenge chake kilikuwa kimeloa hadi magotini, na kifuani alikumbatia sufuria lililofungwa kwa kanga, ndani mna nguo za mtoto na cheti cha ubatizo. Alikuwa ametoka Makamba, kusini mwa Burundi. Aliona simu yangu ina redio.

"Mwanangu, hiyo inasema Kiswahili?"

"Ndiyo, mama."

"Wamesemaje huko Dar es Salaam?"

Nikamweleza nilichosikia: marais wa Afrika Mashariki wamekutana, wamelaani mapinduzi, wametaka uchaguzi usogezwe mbele.

"Na muhula?"

Nikamwambia kuhusu muhula hawajasema. Akalifungua sufuria, akazikunja upya zile nguo, akalifunga tena. Hakuuliza kitu kingine.

Swali lake la pili ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mama yule hakukimbia askari waliotangaza mapinduzi. Alikuwa ameshafunga safari kabla ya hapo, kwa sababu vijana wa chama tawala walikuwa wakipita usiku nyumba kwa nyumba kijijini kwao, wakitaka kujua nani yuko nao na nani hayuko nao kuhusu muhula wa tatu wa rais. Mkutano wa Dar es Salaam ulilijadili jambo lililotokea siku hiyo hiyo. Lililomtoa yeye nyumbani kwake halikupata hata sentensi moja. Naamini jumuiya zetu za kiserikali zina sheria za kutosha kumlinda mtu kama yeye, na haziitumii sheria hiyo kwa sababu hukumu imeachwa mikononi mwa watu ambao kesho wanaweza kusimama kizimbani wao wenyewe.

Burundi ya 2015 ni mfano unaofaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu pale hakuna anayeweza kusema kanuni hazikuwepo. Makubaliano ya Arusha yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mwalimu Nyerere ndiye aliyeanza kazi ya usuluhishi, na alipofariki Oktoba 1999 Nelson Mandela akaipokea. Vita walivyokuwa wakivizima vilianza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, na vilichukua roho za watu wapatao 300,000. Ndani ya makubaliano hayo mlikuwa na sharti jepesi kueleweka: hakuna mtu atakayekuwa rais kwa zaidi ya mihula miwili. Waliolipigania sharti hilo walijua kwa nini walilitaka. Nchi iliyokwishaona wakubwa wanaoshikilia ikulu kwa nguvu ilihitaji uhakika kwamba anayeingia atatoka.

Pierre Nkurunziza alichaguliwa na bunge mwaka 2005, kisha na wananchi mwaka 2010. Aprili 2015 chama chake, CNDD-FDD, kikamteua tena. Hoja ya wafuasi wake ilikuwa kwamba muhula wa kwanza usihesabiwe, kwa vile katiba inazungumzia rais aliyechaguliwa na wananchi, naye safari ile alichaguliwa na wabunge. Nikiri kwamba katiba ya Burundi ilikuwa imeacha upenyo hapo. Wanasheria waaminifu wangeweza kubishana. Lakini makubaliano ya Arusha, ambayo ndiyo yaliyoizaa katiba hiyo, hayakuacha upenyo wowote. Mahakama ya Katiba ilipotoa uamuzi wa kumruhusu, mapema Mei, makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikuwa ameshakimbilia Rwanda, akieleza kwamba majaji walishinikizwa na kutishwa.

Tarehe 13 Mei wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakutana Dar es Salaam kuijadili Burundi. Nkurunziza naye alikuja. Akiwa huku, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza redioni Bujumbura kwamba rais ameondolewa. Ndipo mkutano ulioitishwa kwa ajili ya muhula wa tatu ukageuka kuwa mkutano wa mapinduzi. Tamko la mwisho lililaani mapinduzi waziwazi, likataka utaratibu wa katiba urejeshwe, na likasema hali hairuhusu uchaguzi, kwa hiyo uahirishwe kwa muda usiozidi uhai wa serikali iliyopo. Siku mbili baadaye jaribio la Niyombare lilikuwa limeshindwa.

Sipingi hata kidogo kulaaniwa kwa mapinduzi yale. Jenerali hana haki ya kuwaamulia watu nani awaongoze. Ninachosema ni kwamba siku ile viongozi wetu walikuwa na makosa mawili mezani, wakalitaja moja. Yule wa bunduki alilaaniwa ndani ya saa chache. Yule wa kalamu alisubiriwa arudi nyumbani.

Mikutano mingine miwili ikafuata hapo hapo Dar es Salaam. Wa tarehe 31 Mei Nkurunziza hakuhudhuria. Ukaomba uchaguzi usogezwe kwa angalau mwezi na nusu. Wa tarehe 6 Julai ukaomba usogezwe hadi 30 Julai, na ukamteua Rais Yoweri Museveni awe msuluhishi. Serikali ya Burundi ikafanya uchaguzi wa rais tarehe 21 Julai, siku tisa kabla ya tarehe iliyoombwa na wenzake wa Jumuiya, na Nkurunziza akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 69. Hakuna kilichomfuata. Na msuluhishi mwenyewe alitoka nchi iliyofuta ukomo wa mihula katika katiba yake mwaka 2005. Angemwambia nini mwenzake kuhusu mihula, na kwa uso gani?

Hapa nataka tusimame kwenye mkataba wa Jumuiya wenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba viongozi walifungwa mikono. Hawakufungwa. Ibara ya 6 inautaja utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria kuwa misingi ya Jumuiya. Ibara ya 7 inazibana nchi wanachama kuifuata misingi hiyo. Ibara ya 146 inawapa wakuu wa nchi mamlaka ya kuisimamisha nchi inayoivunja. Na kwa sababu maamuzi ya mkutano wa wakuu wa nchi hufanywa kwa makubaliano ya wote, waandishi wa mkataba waliona mbali, wakaweka ibara ya 148: nchi inayojadiliwa kusimamishwa au kufukuzwa, maoni yake hayahesabiwi. Maana yake ni kwamba Burundi isingeweza kuzuia uamuzi dhidi yake. Nchi nne zilizobaki, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, zilikuwa na ufunguo mkononi. Na adhabu ya kusimamisha haimnyimi mkulima wa Ngozi, kaskazini mwa Burundi, umeme wala dawa. Inamnyima rais kiti chake mkutanoni, waziri posho ya safari, na serikali nzima ile heshima ya kupigwa picha na wenzao. Ni adhabu inayomwangukia mwenye kosa.

Kwa nini basi ufunguo haukutumika? Tazama walioushika. Desemba mwaka ule ule, Rwanda ilipiga kura ya maoni iliyomfungulia Rais Kagame njia ya kuweza kugombea na kuongoza hadi 2034. Uganda, iliyokwisha kuondoa ukomo wa mihula, ikaja kuondoa na ukomo wa umri wa mgombea urais Desemba 2017. Kenya na Tanzania zilikuwa zinaheshimu mihula yao, na Kikwete mwenyewe alikuwa anamaliza wa pili na kuondoka mwaka huo. Lakini uamuzi ulitaka wote wanne, na wawili kati ya wanne wasingeweza kukemea muhula wa tatu bila maneno yao kuwarudia. Kulikuwa na mengine pia: kutoaminiana kati ya Kigali na Bujumbura, hofu ya Tanzania kuongezewa mzigo wa wakimbizi, wanajeshi wa Burundi waliokuwa Somalia chini ya Umoja wa Afrika na ambao hakuna aliyetaka waondolewe. Yote yana uzito wake. Lakini ukiyaondoa yote hayo, lile la kwanza lingetosha peke yake.

Umoja wa Afrika ulionekana, kwa muda mfupi, kuwa na uti wa mgongo zaidi. Ulikataa kutuma waangalizi kwenye uchaguzi wa wabunge wa Juni. Baada ya kambi za jeshi kushambuliwa mjini Bujumbura tarehe 11 Desemba, na makumi ya watu kuuawa, Baraza la Amani na Usalama likaamua tarehe 17 Desemba kupeleka askari 5,000 wa kulinda raia. Likaipa serikali saa 96 ikubali, na likasema isipokubali litaomba kutumia ibara ya 4 ya sheria iliyouunda Umoja, ile inayoruhusu kuingilia kati nchi mwanachama panapotokea makosa makubwa dhidi ya watu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo hicho kusema hivyo. Nakumbuka simu za furaha kutoka kwa rafiki zangu Warundi waliokuwa kambini Nduta. Walidhani mtu amewasikia.

Saa 96 zikapita. Bujumbura ikasema askari hao watahesabiwa kuwa wavamizi. Mwisho wa Januari 2016 marais wakakutana Addis Ababa, na badala ya askari 5,000 wakatuma viongozi watano wa nchi kwenda kuzungumza. Mmoja wao alikuwa Mohamed Ould Abdel Aziz wa Mauritania, aliyeingia madarakani kwa mapinduzi mwaka 2008. Mwingine alikuwa Ali Bongo wa Gabon, aliyeshika nchi baada ya baba yake aliyeiongoza kwa zaidi ya miaka 40. Walikwenda, walizungumza, walirudi. Wakimbizi waliendelea kuvuka hadi wakafika zaidi ya 400,000 katika nchi jirani, zaidi ya nusu yao wakiwa kwetu Kigoma. Mzee Benjamin Mkapa, aliyepewa uwezeshaji wa mazungumzo mwaka 2016, alifanya kazi ngumu kwa uvumilivu, lakini serikali ilikuwa ikikataa kukaa chumba kimoja na wapinzani wake, na waliompa kazi hawakumpa fimbo yoyote ya kushika.

Mwezi ule ule wa Mei 2015, Accra nchini Ghana, marais wa Afrika Magharibi walikuwa mezani na pendekezo ambalo lingeweza kubadilisha historia ya ukanda wao: kila nchi ya ECOWAS, jumuiya ya ukanda huo, iwe na ukomo wa mihula miwili. Togo na Gambia zikakataa, pendekezo likawekwa kando. Miaka mitano baadaye, Alpha Condé wa Guinea akabadilisha katiba na kugombea muhula wa tatu. Vijana waliandamana Conakry, wengi wakapigwa risasi. ECOWAS haikumwekea kikwazo chochote. Tarehe 5 Septemba 2021 Kanali Mamady Doumbouya akamwondoa Condé, na ndani ya siku tatu ECOWAS ikawa imeshaisimamisha Guinea. Siku tatu kwa mwanajeshi. Kwa aliyeichezea katiba, hata siku moja haikupatikana. Watu walipoingia mitaani kumshangilia Doumbouya, wachambuzi wengi walishangaa. Mimi niliona watu ambao mlango wa kisheria ulifungwa mbele yao huku majirani wakitazama.

Kisha ikaja Niger. Tarehe 26 Julai 2023 walinzi wa Rais Mohamed Bazoum walimkamata, na Jenerali Abdourahamane Tchiani akatwaa nchi. Siku nne baadaye ECOWAS, ikiwa mkutanoni Abuja, ikatoa wiki moja Bazoum arudishwe, la sivyo nguvu inaweza kutumika. Mipaka ikafungwa, mali za nchi zikazuiwa, biashara ikasimamishwa. Nigeria ikakata umeme iliokuwa ikiuuza Niger, nao ulikuwa karibu asilimia 70 ya umeme wote wa nchi hiyo. Malori yakapanga foleni ndefu Malanville, upande wa Benin, mbele ya daraja la Mto Niger, mizigo ikiozea ndani na madereva wakilala chini ya matela. Fikiria hospitali ya wilaya isiyo na umeme, na mama anayenunua mchele kwa bei iliyopanda ghafla. Hao hawakumkamata Bazoum.

Wiki moja ikaisha bila askari hata mmoja kuvuka mpaka. Septemba, Mali, Burkina Faso na Niger zikafunga ushirikiano wao wa Sahel. Januari 2024 zikatangaza kujitoa ECOWAS. Februari ECOWAS ikaondoa vikwazo vingi ilivyoviweka. Januari 2025 kujitoa kukawa rasmi. Jumuiya iliyoanzishwa Mei 1975 ikapoteza wanachama watatu. Watu wa Niamey, mji mkuu wa Niger, waliipigia ECOWAS kelele na kuiita klabu ya marais, na hilo halikuwa propaganda ya wanajeshi peke yake. Chombo kilichonyamaza Conakry 2020 kiliposema Niamey 2023, maneno yake yalikuwa yamekwisha nguvu.

Wapo watakaoniambia kwamba mapinduzi ya kijeshi ni rahisi kuyatambua, ilhali mabadiliko ya katiba yana taratibu zake, kura zake, mahakama zake, na si kazi ya jirani kuyapima. Ni hoja ninayoiheshimu, maana mamlaka ya nchi ni jambo zito kwetu tuliotawaliwa. Lakini Waafrika wenyewe tulikwisha kuijibu. Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, uliopitishwa Addis Ababa Januari 2007 na kuanza kutumika Februari 2012, unataja katika ibara ya 23 njia haramu za kushika au kubaki madarakani. Mapinduzi yamo. Kukataa kukabidhi madaraka baada ya kushindwa uchaguzi kumo. Na kubadilisha katiba kwa namna inayovunja misingi ya kupokezana madaraka kidemokrasia nako kumo, kwenye ibara hiyo hiyo, kwa uzito ule ule. Ibara ya 25 inaongeza kwamba aliyepindua haruhusiwi kugombea katika uchaguzi wa kurejesha demokrasia. Mahamat Déby alichukua Chad baba yake alipouawa Aprili 2021. Umoja wa Afrika haukuisimamisha nchi yake, naye akagombea na kushinda Mei 2024. Brice Oligui Nguema alipindua Gabon Agosti 2023, akagombea na kushinda Aprili 2025, na mwezi huo huo Umoja wa Afrika ukairudisha Gabon kundini. Hivyo hata bunduki, ukivumilia miaka miwili na kuvua gwanda, nayo inasamehewa.

Gambia ndiyo inayotajwa kila mara kama ushahidi kwamba jumuiya zinaweza, na ni kweli ziliweza. Yahya Jammeh alishindwa uchaguzi Desemba 2016, akakubali, kisha akageuka. Adama Barrow akaapishwa kwenye ubalozi wa nchi yake mjini Dakar tarehe 19 Januari 2017, askari wa ECOWAS wakavuka mpaka, na tarehe 21 Jammeh akapanda ndege kwenda Guinea ya Ikweta. Lakini angalia mazingira: nchi ndogo iliyozungukwa na Senegal, kiongozi asiye na rafiki hata mmoja mezani, na matokeo ya uchaguzi ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuyakiri kwenye televisheni. Pale ujasiri haukuwa na gharama kubwa kwa yeyote. Siidharau siku ile. Nilishangilia kama wengine. Nasema tu kwamba haituonyeshi kitatokea nini mkosaji akiwa mkubwa, au akiwa na wenzake.

Wazungu nao hawakuwa na dawa bora walipoachia wanasiasa kazi hii. Umoja wa Ulaya ulianzisha utaratibu wa kuiadhibu Poland mwishoni mwa 2017 na Hungary mwaka 2018. Kuwanyima kura kulihitaji wote wengine wakubaliane, Poland na Hungary zikaahidi kulindana, mambo yakakwama. Kilichosogea ni mahakama na fedha. Mahakama ya Ulaya iliitoza Poland faini ya euro milioni moja kwa siku mwaka 2021 kwa kuwachezea majaji wake, na Desemba 2022 Hungary ikazuiliwa fedha zipatazo euro bilioni 6.3. Pale kulindana kwa serikali mbili hakukutosha, kwa sababu majaji hawahitaji makubaliano ya viongozi.

Nasi tunazo mahakama. Julai 2015, muungano wa asasi za kiraia za Afrika Mashariki ulikwenda Arusha kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kupinga uamuzi ule wa Mahakama ya Katiba ya Burundi. Kesi ikapanda na kushuka kati ya kitengo cha awali na kitengo cha rufaa kwa miaka. Tarehe 25 Novemba 2021 kitengo cha rufaa kikasema lile ambalo mkutano wa Dar es Salaam haukulisema: muhula wa tatu ulivunja makubaliano ya Arusha na mkataba wa Jumuiya. Niliposoma hukumu ile nilimkumbuka mama wa Makamba, nikafanya hesabu. Ilikuwa imepita miaka sita na zaidi. Nkurunziza alikuwa ameumaliza muhula uliobishaniwa karibu wote, akafariki tarehe 8 Juni 2020, na mrithi wake Évariste Ndayishimiye alikuwa ikulu kwa mwaka mmoja na nusu. Jibu la "na muhula?" lilikuja likiwa sahihi, na halikuwa na mtu wa kumsaidia.

Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wanaosema mahakama hizi ni mapambo. Marais wenyewe hawazioni kuwa mapambo. Mahakama ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliyokuwa Windhoek ilipoihukumu Zimbabwe mwaka 2008 katika kesi ya mashamba, wakuu wa nchi waliisimamisha mahakama yenyewe mwaka 2010. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua Juni 2013 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba Tanzania inavunja haki kwa kumzuia mgombea binafsi. Novemba 2019 Tanzania ikaliondoa tamko lake la kuwaruhusu wananchi na asasi kufungua kesi pale moja kwa moja. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Benin na Kodivaa zikafuata 2020. Tunapangisha mahakama ya bara zima kwenye ardhi yetu, na Mtanzania hawezi kuiendea mwenyewe.

Na pengo hilo lilitugusa. Baada ya uchaguzi wetu wa tarehe 29 Oktoba 2025, uliofanyika huku intaneti imezimwa na watu wakiuawa mitaani, waangalizi wa SADC walisema katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao ya kidemokrasia. Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango vya Umoja. Sikumbuki mara nyingi waangalizi wa Kiafrika wakisema wazi kiasi hicho kuhusu nchi yenye heshima kama yetu, na nawashukuru. Lakini kabla waangalizi wake hawajatoa kauli yao, mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja huo huo alikuwa ameshatuma pongezi kwa mshindi. Mwangalizi anaandika ripoti, ripoti inapelekwa kwa wakuu, na wakuu ni akina nani? Tumerudi chumba kile kile cha Dar es Salaam.

Mambo mawili yangeweza kuanza bila kuandika mkataba mpya wa bara. La kwanza ni muda. Katiba ya Kenya inaipa Mahakama ya Juu siku 14 kuamua kesi ya matokeo ya urais, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa rais ndani ya siku hizo. Hakuna sababu ya kisheria inayoifanya Mahakama ya Afrika Mashariki ihitaji miaka sita kusoma sentensi moja kuhusu mihula miwili. Mkataba unamtaka mwananchi afungue kesi ndani ya miezi miwili. Basi nayo mahakama iwekewe muda wake kwa kesi za uchaguzi na mihula, ili hukumu itoke kabla karatasi za kura hazijachapwa. Mapendekezo ya kurekebisha mkataba yanaweza kutolewa na nchi yoyote mwanachama, na wabunge wetu wa Afrika Mashariki wana mdomo wa kuyadai.

La pili linatuhusu sisi Watanzania zaidi. Tamko tuliloliondoa mwaka 2019 halihitaji kura ya maoni, halihitaji mabadiliko ya katiba, wala halina gharama ya shilingi moja. Anayepita barabara ya Dodoma mjini Arusha huyaona majengo ilimo mahakama ile; mwananchi wa kawaida angeweza kushuka kwenye daladala na kuingia na shauri lake mkononi. Kinachotakiwa ni barua moja ya serikali kwenda Addis Ababa, kusema tumerudi.